Mkono Uliozoeleka

Ndizi ilitoa ridhaa yake siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, mbele ya shahidi mmoja mwenye njaa.

Shahidi huyo alikuwa Tusekile, mwandishi wa programu katika karakana ya vibao vya ridhaa pale Tukuyu. Ndizi ilikuwa mbichi, ya kupika, imeviringishwa kitambaa chenye maji. Karakana za kwingine hujaribia vibao vyao kwa vidole vya mpira vinavyoagizwa ng'ambo, vinakuja vimelala kwenye sanduku la mahameli utadhani vito. Tukuyu ndizi hazijawahi kuwa tatizo. Nazo zina maji karibu sawa na nyama ya mtu, na shaba iliyo chini ya kioo haijali majina, inajali maji.

Alikuwa ameilaza juu ya kibao tangu saa mbili, akaisahau, akaenda kuhangaika na mambo mengine. Sasa tumbo lilikuwa linamkumbusha. Akaichukua aiweke kwenye jiko la makaa lililokuwa barazani, na pale pale ilipoachana na kioo, taa ya kijani ikawaka.

"Haya," Tusekile akacheka peke yake. "Ndizi imekubali."

Kisha kicheko kikamkauka. Taa ya kijani ilikuwa na maana moja tu nchi nzima: mtu mwenye mwili na damu amebonyeza, amesema ndiyo. Hapa hakuna aliyebonyeza. Kilichotokea ni kwamba kitu kimeondoka.

Akairudisha ndizi mahali pake, akasubiri nusu saa akiitazama. Nje ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya chai kama kawaida yake, hauji wala hauendi. Akainyanyua tena. Kijani. Akarudia mara ya tatu, na mara ya tatu alikuwa ameshajua kabla hata taa haijawaka.

Akafungua programu kwenye kompyuta, akateremka mpaka kwenye mistari ya kusoma mguso. Kazi ya kibao ni nyepesi kueleza. Mara mia kwa sekunde kinaipa shaba chaji kidogo na kuhesabu muda ambao chaji hiyo inachukua kujaa. Mwili ukiwa karibu, muda unarefuka na namba inapanda. Kibao kinakumbuka namba ya kawaida, ile wanayoiita msingi, na kwenye kila namba mpya kinautoa msingi huo. Tofauti ikivuka kizingiti, mtu amebonyeza.

Ila vibao hivi vilikuwa vya wodi. Mgonjwa asiyeweza kusema wala kunyanyua kope hulazwa kiganja chake juu ya kioo, na kiganja hicho hakitoki hapo usiku na mchana. Kwa hiyo Tusekile alikifundisha kibao kuzoea. Mkono ukikaa dakika ishirini, kibao kinauhesabu kuwa ndio kawaida. Msingi unapanda, mkono unakuwa kama haupo. Mgonjwa akikandamiza hata kwa nguvu ya sisimizi, namba inapanda juu ya hapo na taa inawaka. Alisifiwa sana kwa hilo. Alipigiwa makofi Dodoma.

Na mstari uliofuata ulikuwa wake pia. Masika ya mwaka ule wa kwanza ukungu uliinuka ghafla asubuhi moja, namba zikashuka chini ya msingi, na kwa kuwa sehemu ile ya kumbukumbu haikujua kuandika alama ya kutoa, upungufu wa moja tu ukageuka kuwa namba kubwa ajabu. Vibao sita vikawaka kijani bila mtu, bahati njema vilikuwa bado mezani. Tusekile akaandika neno moja: chukua thamani kamili ya tofauti. Yaani usijali imepanda au imeshuka, angalia ukubwa wake tu. Ukungu ukakoma kusumbua. Alikwenda nyumbani mapema siku hiyo, akanunua na nyama.

Thamani kamili. Mkono ukikandamiza, ndiyo. Mkono ukiondoka, ndiyo vile vile.

Ndizi iliungua kwenye makaa. Hakuisikia harufu yake.

*

Namba ghafi zilikuwa zinahifadhiwa, kwa sababu Tusekile hakuwa mtu wa kutupa kitu. Tangu vibao vifungwe kwenye Wodi ya Kimya, ridhaa za kuzimiwa mashine zilizopokelewa zilikuwa arobaini na saba. Akaziweka zote mbele yake na kuangalia alama ya kila tofauti tu, kujumlisha au kutoa.

Sita zilikuwa za kujumlisha. Watu sita walikuwa wamekandamiza kwa nguvu zao wenyewe, walikuwa wamechoka na wakasema. Mungu awarehemu. Arobaini na moja zilikuwa za kutoa.

Halafu akaona siku. Zile sita zilitawanyika ovyo, Jumatatu, Ijumaa, alfajiri, mchana. Arobaini na moja zote zilikuwa Jumatano na Jumapili, kati ya saa tano kasoro robo na saa tano kamili, pale kengele inapogongwa kuwaambia wageni muda umekwisha waage.

Mstari wa ishirini na tisa ulisema: kitanda cha tatu, Jumapili, saa tano kasoro dakika sita. Haukuwa na jina, wala haukuhitaji. Kitanda cha tatu kilikuwa cha mama yake. Jumapili ile Tusekile alikuwa safarini kikazi, na aliyekwenda kumtazama mama ni mdogo wake, Atuganile.

Alikaa akiangalia ile alama fupi ya kutoa, kistari tu, mpaka macho yakamuuma.

*

Wodi ya Kimya iko mteremkoni, na ukiingia kinachokupokea ni pumzi. Mashine zote zilikuwa zimewekwa mwendo mmoja, kwa hiyo vitanda kumi na sita vilivuta pumzi pamoja na kuitoa pamoja, na mtu mzima anayeingia pale hujikuta baada ya dakika mbili naye anapumua nao bila kutaka. Sheria ya wodi ilikuwa ngumu na safi. Tangu sura na sauti za watu zianze kughushiwa kiasi kwamba mtu hamwamini hata mumewe kwenye simu, serikali ilikubali kitu kimoja tu: mwili wenyewe kuigusa shaba. Hivyo ndivyo watu walivyooana, walivyouza mashamba, walivyokubali kupasuliwa. Na daktari au ndugu hakuruhusiwa kuzima mashine ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe tu, kwa mkono wake.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Tuse mwanangu." Sista Lugano, mkuu wa wodi, alimshika bega kwanza, kama watu wote siku hizi, kuhakikisha ni nyama. "Umekuja kukagua vibao? Mbona vinafanya kazi vizuri. Jumapili hii tu wametuaga watatu, na vitanda vyao vimeshapata watu."

"Saa za wageni?"

"Saa zile zile. Hilo nalo la kuuliza?" Sista alikuwa anakunja shuka, mikono yake haikusimama. "Mtu huwa anawasubiri watu wake. Hawezi kuondoka hivi hivi. Akishamsikia mwanawe, roho inatulia, anabonyeza. Mama yako si alimsubiri Atu? Mimi nilikuwepo. Nilimwambia mdogo wako, mshukuru Mungu, amekusubiri wewe."

Kweli, nani Tukuyu asiyelijua hilo? Bibi zao walilisema, nao walilisikia kwa bibi zao. Anayekufa humsubiri aliye mbali. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Kibao kilikuwa kimekosea kwa namna ile ile ambayo watu walikuwa tayari wanaiamini.

"Na huyu?" Tusekile alikuwa amefika kitanda cha tisa.

"Huyu wa ile ajali ya lori. Mwaka wa tatu sasa. Hana mtu." Sista alimvutia blanketi mpaka kidevuni, kwa upole. "Na wa kumi na mbili hivyo hivyo, na wa kumi na nne. Wasio na watu hawaondoki, Tuse. Hawajapata wa kumsubiri."

Wanaopendwa wanakufa. Tusekile alilifikiria hilo kwa maneno hayo hayo. Kadiri ulivyokuwa na wanaokupenda ndivyo siku zako zilivyokuwa chache humu ndani.

"Sista, ndugu wakiaga, wanafanyaje hasa?"

"Si unajua? Wengine wanamchukua mkono wanajiwekea kichwani, awaachie baraka. Wanamshika hivi—" na Sista Lugano akauinamia mkono wa yule mtu wa lori.

Tusekile alimdaka kiwiko kwa nguvu hata Sista akatoa sauti.

"Usimguse."

Vitanda kumi na sita vilivuta pumzi, vikaitoa.

"Kibao chake," Tusekile akasema, "kina unyevu. Kinaweza kusoma vibaya." Ulikuwa uongo wake wa kwanza siku hiyo, na ulitoka kirahisi mno.

*

Bwana Ambakisye, mkuu wa karakana, alikuja mwenyewe ofisini kwa miguu, maana habari ya simu haikuwa habari. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Tusekile angependa awe mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

"Rekebisha mstari huo leo," alisema. "Tuupeleke Dodoma kama maboresho ya kawaida. Wakaguzi watatu wakigusa shaba kuridhia, unaingia kwenye vibao. Wiki tatu."

"Kesho ni Jumatano."

"Najua siku za wiki, Tuse."

"Basi tuving'oe vibao leo."

"Kuondoa kibao ni kumziba mtu mdomo. Jela, wewe na mimi, na vitarudishwa kabla hatujafika huko jela."

"Basi niwaambie wageni mlangoni. Saa nne, kabla hawajaingia. Wasinyanyue mikono."

"Kwa sababu gani?"

"Unyevu."

"Mtu ametoka Kyela na nauli ya kuazima, umwambie asimshike mama yake kwa sababu ya unyevu? Atakusukuma apite. Ili akusikie lazima umwambie ukweli." Akavua miwani, akaifuta, hakuivaa. "Na ukiwaambia wa kesho, ndugu wa wale arobaini na moja watasikia kabla ya jioni. Watoto wao, wake zao. Watu waliozika wakiwa na amani. Utaingia nyumba ya nani kumwambia kwamba mkono wake wa kwaheri ndio uliomuua mama yake? Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mficha maradhi, kifo kitamuumbua."

"Kifo kimeshakuja mara arobaini na moja, na hakijamuumbua mtu. Kilichobaki ni usingizi wa walio hai." Akaigeuza miwani mkononi. "Na wengine walikuwa wamechoka kweli. Unajua wewe nani hakutaka?"

Alama ya kutoa ilimwambia Tusekile nani hakubonyeza. Haikumwambia nani hakutaka.

"Kesho wangapi wataingia?" akauliza.

"Sijui."

"Wenye ndugu ni kumi na watatu."

Ambakisye akavaa miwani yake. "Umemfikiria mdogo wako?" akasema, kwa sauti ndogo, na hilo ndilo lililomtoa Tusekile ofisini, maana tangu saa nne na robo hakuwa anamfikiria mtu mwingine.

*

Atuganile alikuwa uani nyuma ya nyumba, anachambua maharage kwenye ungo. Mvua nyembamba ya Tukuyu, ile isiyolowesha wala kukoma, ilikuwa inagusa bati. Alimshika dada yake mkono, akauminya, akaridhika ni yeye.

"Umekonda tangu Jumapili," alisema. "Kaa. Chai ipo."

Tusekile alikaa kwenye kigoda. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na sasa hata moja halikuwepo. Angeweza kunywa chai akarudi. Angeweza kwenda kesho mlangoni, akawaambia ndugu wa wale kumi na watatu, akaomba Mungu habari ipite kando ya ua huu. Aliujua upumbavu wa ombi hilo, lakini aliliomba.

Tangu mazishi Atuganile alikuwa na sentensi moja ya kuwapokelea waombolezaji: alikuwa ananisubiri. Aliisema kwa utulivu, watu wakaitikia. Tusekile mwenyewe alikuwa ameilalia sentensi hiyo miezi minne kama mto.

"Atu. Siku ile ya mama."

Vidole vikaendelea kuchambua. "Enhe."

"Mama hakubonyeza."

Vidole vikasimama.

Tusekile akasema yote basi, haraka, kama mtu anayeteremka mlima na hawezi kujizuia. Ndizi, msingi, ukungu, thamani kamili, na wagonjwa kumi na watatu ambao ndugu zao wangeingia kesho saa nne. Mkono uliozoeleka, na kibao kinachoona kuondoka kwake kuwa ni mguso. Alisema mstari ni wangu, Atu, niliuandika mimi, kwa mkono wangu, nikarudi nyumbani nimefurahi. Alisema wewe huna kosa. Hilo alilisema mara tatu, na kila mara lilisikika jepesi zaidi.

Atuganile alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa kwenye mvua.

"Niliiona taa," alisema.

"Taa gani?"

"Ya kijani. Nilipomnyanyua mkono mama ili nijiwekee kichwani, haukuwa umefika hata kifuani kwangu, ikawaka. Mimi si fundi, dada, lakini si kipofu. Mkono ulikuwa mkononi mwangu. Angebonyezaje?"

Mvua ikagonga bati. Tusekile alijisikia anapumua kwa mwendo wa wodi, ndani, nje, akashindwa kuuacha.

"Umekaa nalo miezi minne?"

"Sista alikuwa amenishika mabega, anasema mshukuru Mungu. Nikasema asante." Atuganile alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ningesema, lingekuwa kosa lako. Kila mtu anajua nani aliviandika vibao vile, na mimi ndiye niliyejisifu kwa watu kwamba ni dada yangu. Nisiposema, linakuwa langu. Nikaona bora liwe langu."

Tusekile alianza kulia, na Atuganile akamwachia alie bila kumgusa.

"Na si mimi peke yangu," aliendelea. "Siku ya matanga, mama Kissa wa Kiwira alikuja kunipa pole. Yule aliyempoteza mumewe mwezi kabla ya mama. Akanikumbatia, akaninong'oneza sikioni, 'Uliurudisha?' Neno hilo tu. Nikamwambia, niliurudisha. Akasema, 'Na mimi.' Tangu hapo wamekuja wengine. Sokoni, kanisani, kisimani. Mtu anakusogelea, anauliza, unajibu, anakwenda zake. Hatuzungumzi zaidi ya hapo."

Arobaini na moja. Bwana Ambakisye alikuwa anailinda amani yao, na mji mzima ulikuwa umejaa watu wanaoulizana kwa kunong'ona. Tusekile alitaka kuuliza wangapi, akaogopa kujua.

"Niliurudisha, dada." Sasa sauti ya Atuganile ilianza kuvunjika, polepole. "Taa ilipowaka tu niliurudisha mkono wake pale pale kwenye kioo. Nikaukandamiza kwa mikono yangu yote miwili. Nilidhani ukirudi, itazimika. Mashine ilichukua dakika tisa kushuka, na dakika zote tisa nilikuwa nimeukandamiza, na Sista ananiimbia wimbo. Mama kiganja chake kilikuwa cha moto. Haikuzimika. Kila siku najiuliza kama nilichelewa. Wewe unajua mambo hayo. Nilichelewa? Ningeurudisha haraka zaidi, ingezimika?"

Hapo palikuwa na nafasi ya uongo mmoja wa mwisho, na ulikuwa mzuri, ungeingia bila kubisha hodi. Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema ni umeme, ni unyevu. Tusekile aliufikiria kwa muda wa pumzi moja kamili.

"Hukuchelewa," alisema. "Isingezimika hata ungeurudisha kabla ya kupepesa jicho. Ridhaa ikishapokelewa, mguso wowote unaofuata hausomwi. Niliandika hivyo. Niliogopa ndugu wasiotaka mtu wao aondoke wangemkandamiza mkono kwa nguvu ili kumkanusha. Nilikuwa nawalinda wagonjwa dhidi ya watu kama wewe."

Atuganile aliuweka ungo chini. Akainama mbele mpaka paji la uso likagusa magoti, akakaa hivyo kitambo kirefu, na Tusekile hakujua kama analia au anapumzika. Hakuthubutu kumgusa. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka nusu ya njia, akaurudisha mapajani.

Hatimaye mdogo mtu alisimama, akanawa mikono kwenye ndoo, akachukua kitenge chake kwenye kamba na kujifunika mabega.

"Inuka."

"Twende wapi?"

"Kwa mama Kissa. Kesho saa nne utasimama mlangoni pa wodi uwaambie ndugu wa wale kumi na watatu, na mimi nitasimama na wewe. Lakini yeye asilisikie barabarani." Alifunga mlango wa jikoni kwa komeo. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi, kwamba hakuchelewa. Anza na hilo. Na usilie mbele yake, dada, hutakuwa na haki hiyo mpaka amalize yeye."

Wakatoka uani, Atuganile mbele, wakaifuata njia ya Kiwira kwenye mvua.